Kiti cha Pweza Si Ndugu wa Pweza

Aliyempa kiti cha pweza jina lake alikuwa mtu wa utani. Alimwona mnyama bapa mwenye mikono mitano, amejibandika mwambani, akasema huyu anamngoja pweza aje kumkalia. Jina likashika, na wengi wanaowaona wawili hao huwachukulia kuwa wa ukoo mmoja. Wote ni wa baharini, wote hawana uti wa mgongo, wote wana mikono mingi inayonata. Lakini ukifuata nasaba, pweza anaangukia kwa konokono na chaza, na kiti cha pweza anaangukia kwetu. Undugu wake na binadamu, kuku na papa ni wa karibu kuliko undugu wake na pweza.

Ili kuona jambo hilo lilijulikanaje, inabidi kwanza tuweke pembeni namna tunavyozoea kuwagawa viumbe. Katika maneno ya kila siku Kiswahili kina mafungu manne: mnyama, ndege, samaki na mdudu. Ukisema "mnyama", mtu anaona simba, ng'ombe au tembo. Hakuna anayemfikiria kipepeo. Mwenye mabawa na manyoya ni ndege, anayeogelea ni samaki, na wote waliobaki, kuanzia mende, nge na kupe hadi tandu na funza, wanatupwa kwenye fungu la wadudu. Hata vimelea vya maradhi tumeviita vijidudu.

Sina ugomvi na mafungu haya. Yanatuambia kiumbe anakaa wapi na anatuhusu vipi, na kwa maisha ya kawaida hayo yanatosha. Shida ni kwamba hayasemi nani ametoka kwa nani. Chukua neno "mnyoo". Tegu, mchango na nyungunyungu wote ni minyoo kwa maneno yetu, lakini kila mmoja ni wa tawi lake kubwa, na umbali kati yao ni mkubwa kuliko umbali kati ya chura na tembo.

Wataalamu nao walianza hapo hapo tulipo. Carl Linnaeus, Mswidi aliyetoa orodha yake ya kwanza ya viumbe mwaka 1735, aliwagawa wanyama katika mafungu sita: wenye miguu minne, ndege, amfibia, samaki, wadudu na minyoo. Nyangumi alimweka kwa samaki, na hakumhamishia kwa wanaonyonyesha mpaka toleo la mwaka 1758. Fungu lake la minyoo lilikuwa kama chumba cha stoo ambamo kila kisicho na mahali kinasukumiwa: konokono, pweza, kiti cha pweza, yavuyavu, nyungunyungu, wote humo. Jean-Baptiste de Lamarck, aliyekabidhiwa wadudu na minyoo kwenye makumbusho ya Paris mwaka 1793, ndiye aliyeanza kuisafisha stoo hiyo, na humo ndimo zilimotoka koo nyingi kubwa za wanyama. Si ajabu. Wenye uti wa mgongo, wale tunaowafikiria kwanza tukisikia "mnyama", ni kama asilimia 5 tu ya spishi zaidi ya 1,500,000 zilizokwisha kupewa majina. Wadudu wenye miguu sita peke yao wanakaribia 1,000,000.

Kinachotenganisha koo hizi kubwa huitwa ramani ya mwili. Neno ramani hapa ni kama ramani ya nyumba. Nyumba mbili zinaweza kupakwa rangi moja na kuezekwa bati moja, lakini ukiingia ndani ukakuta kuta zimepangwa tofauti kabisa, unajua hazikujengwa kwa mchoro mmoja. Na nyumba mbili zisizofanana kwa nje zinaweza kuwa za mchoro mmoja, moja ikiwa imeongezwa ghorofa na nyingine imebomolewa nusu. Kwa mnyama, maswali ya mchoro ni haya: mwili wake umetokana na tabaka ngapi za seli? Una pande mbili zinazolingana, au umezunguka kama gurudumu? Utumbo una mlango mmoja au miwili? Umegawanyika katika pingili? Uti mkuu wa neva unapita mgongoni au tumboni? Mifupa, kama ipo, iko ndani au ndiyo gamba la nje? Majibu yakipangwa, tunapata miundo kama 35 hivi, na kila muundo huitwa faila. Chini ya faila kuna ngeli, oda, familia, jenasi na spishi, lakini ngazi hizo ni za makarani. Hoja iko juu, kwenye faila.

Ramani nyepesi kuliko zote ni ya sifongo. Hana mdomo, hana utumbo, hana neva wala misuli. Ni ukuta wenye vitundu vidogo vingi, na ndani yake kuna seli zenye vijimkia vinavyopigapiga maji ili yapite, huku zikinasa chembe za chakula. Mwaka 1907 Mmarekani H. V. Wilson alimkamua sifongo aliye hai kupitia kitambaa chembamba cha hariri hadi akabaki na maji machafu yenye seli moja moja. Kisha akatulia akatazama. Seli zile zilianza kutambaa chini ya chombo, zikagusana, zikashikamana vidonge vidogo, na vidonge vikajipanga upya kuwa sifongo wazima. Hebu fikiria kumfanyia hivyo panya. Jaribio hilo linaonyesha jinsi uhusiano wa seli za sifongo ulivyo wa kulegea: wako pamoja, lakini kila mmoja bado anajua kujitafutia. Tena seli zake zile za vijimkia zinafanana sana na viumbe fulani vya seli moja ambavyo, kwa ushahidi wa jeni, ndio majirani wa karibu kabisa wa himaya nzima ya wanyama.

Yavuyavu, pamoja na jamaa zake wanaojenga matumbawe, wamepanda ngazi moja. Wana tabaka mbili za seli, wana neva, wana misuli, na wana silaha: seli zenye kijishale kilichokunjwa ndani, ambacho hufyatuka kikiguswa. Lakini utumbo wao ni mfuko wenye mlango mmoja, chakula kinaingilia hapo na taka inatokea hapo. Mwili umezunguka mdomo, hauna mbele wala nyuma, hauna kulia wala kushoto. Kwa kiumbe anayeelea au aliyekaa mahali pamoja hilo halina hasara, maana chakula na adui vinaweza kutoka upande wowote.

Karibu wanyama wengine wote waliobaki ni wa pande mbili. Ukipasua katikati unapata kulia na kushoto. Kuna kichwa kinachotangulia, na macho na ubongo vimerundikana huko, kwa sababu anayetembea kwenda mbele anakutana na mambo kwa mbele. Kuna tabaka tatu za seli badala ya mbili, na hiyo ya katikati ndiyo inayotoa misuli, damu na mifupa. Na kwa walio wengi, utumbo ni bomba lenye milango miwili.

Hapo kwenye milango miwili ndipo pweza na kiti cha pweza wanapoachana. Kiinitete cha mnyama huanza kama mpira wa seli wenye uwazi ndani. Halafu upande mmoja wa mpira unabonyea, kama mpira uliotoka upepo ukiusukuma kwa kidole gumba, na ule mbonyeo unazidi kuingia mpaka unakuwa utumbo. Tundu la kwanza, lile la kidole, litakuwa nini? Kwa konokono, nyungunyungu na jamaa zao, kwa kawaida linaelekea kuwa mdomo. Kwa kiti cha pweza linakuwa njia ya haja, na mdomo unatobolewa baadaye upande wa pili. Kwetu sisi pia ni hivyo. Mwaka 1908 Karl Grobben alizitumia tofauti hizi kuwagawa wanyama wa pande mbili katika makundi mawili: wa mdomo kwanza na wa mdomo baadaye. Kanuni hii ina wakorofi wake, maana wapo wa kundi la kwanza ambao tundu lao hufanya mambo mengine, lakini jeni zimekuja kuthibitisha kwamba kundi letu, lenye kiti cha pweza ndani yake, ni kundi la haki.

Upo undugu mwingine unaoonekana mapema zaidi. Mwaka 1891 Hans Driesch alichukua yai la shokeshoke, yule wa baharini mwenye miiba mwili mzima ambaye ni binamu wa kiti cha pweza. Yai lilipogawanyika kuwa seli mbili, akazitikisa mpaka zikaachana. Alitarajia kupata nusu mbili za mnyama. Akapata lava wawili wadogo, yaani watoto ambao bado hawajapata umbo la wazazi wao, kila mmoja kamili. Sisi tuna uwezo huohuo, na ndio unaotupa mapacha wa kufanana. Ukijaribu hivyo kwa moluska, yaani ukoo wa konokono, chaza na pweza, seli zikitengana kila moja kwa kawaida hujenga kipande chake tu na kuishia hapo; kazi zilishagawanywa mapema.

Kiti cha pweza aliyekwisha kukua ndiye anayedanganya. Mpindue kiti cha pweza utazame upande wa chini. Katikati kuna mdomo, na kutoka hapo mifereji mitano inakwenda hadi ncha za mikono. Ndani ya kila mfereji mamia ya vijimirija laini vinapapasa hewani, vikitafuta pa kushika. Vijimirija hivyo vinaendeshwa kwa maji: mnyama anaingiza maji ya bahari katika mabomba yake ya ndani, anayasukuma kwenye mrija, mrija unanyooka. Ukimwacha hivyo alivyo chali, ncha ya mkono mmoja au miwili itajikunja hadi iguse chini, vijimirija vitashika, na polepole mwili wote utabinuka. Hakuna mbele, hakuna kichwa, hakuna kulia. Utamwona kama ndugu wa yavuyavu, na hata Georges Cuvier, bingwa wa kupasua wanyama wa enzi zake, aliwaweka fungu moja, la wenye mwili wa gurudumu. Lakini lava wa kiti cha pweza anaogelea akiwa na kulia na kushoto safi kabisa. Gurudumu limekuja ukubwani.

Jambo hili la utoto kufichua kilichofichwa ukubwani limewaumbua wataalamu mara nyingi. Wapo wanyama wadogo wenye vigamba vigumu wanaoganda kwenye miamba na kwenye matumbo ya vyombo vya baharini kama vijilima vya chokaa. Kwa miaka mingi walihesabiwa moluska, kwani vigamba vyao ni kama vya chaza. Mwaka 1830 John Vaughan Thompson akaeleza alivyowafuata lava wao: waliogelea kwa miguu yenye pingili, kama watoto wa kamba. Kumbe ni ndugu wa kaa, wamejibandika kwa kisogo na kujijengea nyumba, wanajikusanyia chakula kwa miguu. Charles Darwin alivutiwa nao akatumia miaka minane, 1846 hadi 1854, kuwachunguza. Mmoja wa ukoo huo, Sacculina, amevuka mpaka zaidi. Anamwingia kaa, anatandaza mizizi ndani ya mwili wake mzima, na kinachoonekana nje ni kifuko laini tu chini ya tumbo la kaa, pale mayai yanapobebwa. Kaa anakitunza kama mayai yake. Kifuko hicho hakina miguu, hakina macho, hakina utumbo. Kama si lava wake, nani angethubutu kukiita ndugu wa kamba?

Na sisi tunao wa namna hiyo nyumbani. Kuna mnyama wa baharini aliye kama kiriba kidogo chenye matundu mawili, amekaa mwambani anachuja maji maisha yake yote. Naye aliwekwa kwa moluska. Mwaka 1866 Mrusi Alexander Kowalevsky akaonyesha kwamba lava wake anafanana na kiluwiluwi: ana mkia, na ndani ya mkia mna fimbo laini inayokaza mwili, na juu yake uti wa neva. Fimbo hiyo sote wenye uti wa mgongo tunaanza nayo tumboni mwa mama. Mwaka 2006 uchambuzi wa jeni ukamsogeza kiriba huyo hadi kuwa jirani yetu wa karibu kuliko wote wasio na uti wa mgongo.

Upande wa mdomo kwanza una kisa chake, na nadhani ndicho kilichowauma wengi. Kwa karibu miaka 200 vitabu vilifundisha kwamba nyungunyungu na jongoo ni wa ukoo mmoja. Mtazame nyungunyungu: pingili, pingili, pingili. Mtazame jongoo: pingili, pingili, pingili, na miguu. Ilionekana wazi kama mchana. Kisha mwaka 1997 kundi la watafiti likalinganisha jeni moja kutoka kwa wanyama wengi, na matokeo yakawa kwamba jongoo, wadudu, buibui na kaa ni ndugu wa mchango, mnyoo laini asiye na pingili hata moja. Kinachowaunganisha ni kujivua gamba: wote wanavaa ngozi ngumu isiyokua nao, kwa hiyo hawana budi kuivua ili wanenepe. Nyungunyungu na ruba wakahamishiwa kwa konokono na pweza. Pingili za nyungunyungu na za jongoo, kwa maoni ya wengi sasa, zilitokea kila moja kivyake. Tena ndani ya ukoo wa wanaojivua, wadudu wenye miguu sita wamekutwa ni tawi lililochipuka ndani ya jamaa ya kamba na kaa. Kerengende yuko karibu na uduvi kuliko alivyo karibu na buibui.

Wenye uti wa mgongo hawakusalimika. Mamba yuko karibu na ndege kuliko na mjusi. Kwa hiyo "reptilia" bila ndege ni ukoo uliofukuza watoto wake. "Samaki" ni mbaya zaidi. Samaki wenye mapafu wako karibu na sisi kuliko walivyo karibu na jodari, na jodari yuko karibu na sisi kuliko alivyo karibu na papa. Ukitaka samaki wawe ukoo kamili wa nasaba, inabidi ujihesabu samaki. Mimi nitaendelea kusema samaki kwa maana ya kawaida, kama wote wasemavyo, lakini najua sijataja ukoo.

Kilichoshangaza zaidi kuliko nani ni ndugu wa nani ni kwamba mafundi wa ramani hizi zote wanatumia vifaa vilevile. Mwaka 1822 Étienne Geoffroy Saint-Hilaire alimpasua kamba mkubwa, akamlaza chali, akaona mpangilio wa ndani umekuwa kama wa mnyama mwenye uti wa mgongo: uti wa neva juu, utumbo katikati, moyo chini. Akadai kwamba sisi na kamba tuna mchoro mmoja uliopinduliwa. Watu walimcheka, na Cuvier akapambana hadharani na wazo lake la mchoro mmoja wa wanyama wote mwaka 1830 mjini Paris. Miaka ya 1990 ikafichua kwamba jeni inayosema "hapa ni tumbo" kwa chura ndiyo inayosema "hapa ni mgongo" kwa nzi. Geoffroy hakuwa na njia ya kujua hilo, lakini hakuwa mpumbavu.

Mfano wa jicho unaeleza vizuri zaidi. Mwaka 1995, katika maabara ya Walter Gehring huko Basel, jeni inayoanzisha ujenzi wa jicho ilichukuliwa kwa panya ikawashwa kwenye sehemu za nzi zisizo na jicho, kama vile mguu. Jicho likaota. Halikuwa jicho la panya. Lilikuwa jicho la nzi, lenye vioo vidogo vingi. Jeni ile haikuwa na ramani ya jicho. Ilikuwa kama msimamizi anayesema "jicho hapa", na mafundi wa mahali wakajenga wanavyojua. Ndiyo maana pweza na binadamu wanaweza kuwa na macho yanayofanana ajabu, yote yakiwa na lenzi na kioo cha nyuma, bila kurithi jicho hilo kwa babu mmoja. Walichorithi ni amri. Na ukichungulia utaona mafundi walikuwa tofauti: kwetu neva za jicho zinapita mbele ya seli za kuona, hivyo tuna doa lisiloona, kwa pweza zinapita nyuma, naye hana doa.

Orodha ya faila haijafungwa. Mwaka 1995 wataalamu wawili wa Denmark walitangaza faila mpya kabisa kutokana na kiumbe asiyefika milimita moja, anayeishi kwenye midomo ya kamba wa bahari za kaskazini. Na jeni nazo hupotosha mtu asipoangalia. Xenoturbella, mnyama kama mnyoo bapa kutoka matopeni mwa bahari ya Uswidi, alitangazwa mwaka 1997 kuwa ni wa jamaa ya chaza. DNA ilisema hivyo. Baadaye ikagundulika kwamba ilikuwa DNA ya chaza aliowala. Alipopimwa yeye mwenyewe akawa mtu mwingine, na mpaka leo wataalamu wanabishana akae wapi. Wanabishana pia kuhusu tawi la kwanza la wanyama: ni sifongo, kama ilivyofundishwa siku zote, au ni wale wanyama laini wa kuelea wenye safu nane za vijinywele kama vitana? Uchunguzi wa mpangilio wa kromosomu wa mwaka 2023 uliwapa ushindi wenye vitana, na ubishi haujaisha.

Mwaka huohuo wa 2023 kiti cha pweza alitoa jibu la swali la zamani: mnyama aliyetoka kwa wahenga wa pande mbili, kichwa chake kiko wapi? Watafiti walitafuta mwilini mwake jeni zinazopanga kichwa na jeni zinazopanga kiwiliwili kwa wanyama wengine. Za kichwa wakazikuta zimetanda kwenye ngozi ya mikono yote mitano. Za kiwiliwili karibu hazikuonekana. Kiwiliwili ndicho kilichopotea, na kinachotambaa pale mwambani ni kichwa kitupu. Jina la kitaalamu la ngeli ya pweza maana yake ni "miguu kichwani". Basi siku pweza akija kweli kukalia kiti chake, atakuwa na miguu kwenye vichwa viwili.